Uzi: Viunganishi vya Kiingereza vinatusumbua kwa sababu vyetu vimejificha ndani ya kitenzi

Kalamu ya Mwanzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisahihisha Kiingereza cha watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili: insha, barua za maombi, ripoti za kazi, tasnifu. Msamiati wanao, tena mpana. Tahajia siku hizi kompyuta inawanyooshea. Wanapojikwaa karibu wote ni pale sentensi mbili zinapokutana na kutaka kufungwa pamoja.

Zamani nilikuwa nafanya walichofanya walimu wangu. Naandika ubaoni FANBOYS, yaani for, and, nor, but, or, yet, so, nasema haya saba yanaunganisha vishazi vyenye hadhi sawa. Halafu orodha ya pili, because, although, if, when, unless na wenzake, ambayo hukifanya kishazi kimoja kiwe tegemezi. Watu wanakariri vizuri kabisa. Kesho yake yuleyule aliyeitaja orodha nzima bila kukwama ananiletea "Unless you don't hurry, we will be late".

Ilinichukua muda kuona kwamba kosa hilo limetoka kwenye Kiswahili chake safi. Kichwani alikuwa na "usipofanya haraka". Angalieni neno hilo: sharti limo ndani, ukanushi umo ndani, mtendaji yumo ndani. Akitaka kulihamisha, anakuta "unless" kwenye kamusi, kisha anaikumbuka ile -si- na kuona asiitupe, anaongeza "don't". Amekanusha mara mbili bila kujua.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu upya. Chukueni sentensi hii: "Alipofika alikaa akapumzika akaondoka." Kiunganishi kiko wapi? Ukitafuta neno, hakuna hata moja. Lakini -po- imebeba "when", na -ka- imebeba "and" mara mbili. Kiingereza kinalazimika kuvitoa nje vyote: "When he arrived, he sat down, rested and left." Sisi tunaunganisha kwa viambishi, wao wanaunganisha kwa maneno yanayosimama peke yake. Kwa hiyo tukiingia kwenye Kiingereza, ama tunasahau kuweka neno kwa kuwa nyumbani halikuwa neno, ama tunaliweka na bado tunaburuta mzigo wote wa kiambishi.

Nimeona sehemu tano ambazo mzigo huo unatuangusha. Nazieleza kwa namna ninavyozikuta, si kwa ukubwa.

Ya kwanza ni -ka-. Anayetaka ushahidi kwamba -ka- ni "and" afungue Mwanzo 1:3. Kiswahili: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Kiingereza cha mwaka 1611: "And God said, Let there be light: and there was light." Kila -ka- imelipwa kwa "and" moja. Mtu aliyezoea -ka- akiandika Kiingereza anaona vitenzi vinatosha, anaweka mkato tu: "He opened the file, he found many errors, he sent it back to the office." Kwa Kiingereza rasmi hilo ni kosa, mkato hauna nguvu ya kushika vishazi huru viwili. Weka "and" kabla ya kile cha mwisho, na ukiweza futa kiima kinachorudiwa: "He opened the file, found many errors and sent it back to the office."

Ya pili ni -takapo-. "Nitakapofika nitakupigia." Wakati ujao uko pande zote mbili, nasi tunauona kwa macho. Ndiyo maana tunaandika "When I will arrive, I will call you". Kiingereza kinaweka wakati ujao upande mmoja tu, ule wa kishazi kikuu: "When I arrive, I will call you." Hali ni hiyohiyo kwa until, before, after, as soon as, if na unless.

Kuna kipimo ninachowapa watu hapa. Ukiona "when", jiulize kwa Kiswahili ungetumia -po- au "lini". Ikiwa ni -po-, usiweke "will". Ikiwa ni "lini", weka bila wasiwasi: "Sijui atafika lini" ni "I don't know when he will arrive", na hiyo ni sahihi. Kipimo hiki kimewasaidia watu kuliko kurasa kumi za sarufi.

Ya tatu ni -sipo-, niliyoanza nayo. Kuitafsiri una njia mbili, "if" pamoja na "not", au "unless" peke yake. Lakini msidhani njia hizo zinabadilishana kila mahali. "Nitashangaa asipokuja" ni "I will be surprised if he doesn't come". Ukiandika "I will be surprised unless he comes" msomaji atasita, kwa sababu "unless" inataja jambo pekee linaloweza kuzuia lile lingine. Jaribu kusema "isipokuwa kama". "Tutachelewa, isipokuwa kama tukiondoka sasa" inakaa vizuri, basi "unless" inafaa. "Nitashangaa, isipokuwa kama akija" haikai, basi rudi kwenye "if... not".

Ya nne ni -nge-. Kwetu hukaa pande zote mbili: "ningejua ningekuja". Tukihamisha tunapata "If I would know, I would come". Kwao "would" hukaa upande wa tokeo tu, na upande wa "if" kitenzi kinarudi nyuma hatua moja: "If I knew, I would come." Na kwa jambo lililokwisha kupita, "ningalijua ningalikuja", kinarudi hatua mbili: "If I had known, I would have come."

Ya tano ni ninayoipenda zaidi kwa sababu ni yetu kabisa. "Kabla hajaondoka, mwite." Tunakanusha baada ya "kabla", na kwa mantiki yetu ni sawa, maana wakati huo bado hajaondoka. Kiingereza kinaliona hilo limo tayari ndani ya "before". Nimekutana na "Before he has not left, call him" kwenye kazi ya mtu msomi sana. Ni "Before he leaves, call him." Basi.

Karibuni tuchangie. Mwenye sentensi inayomsumbua ailete.

---

Msomaji Mkimya

Mkuu, mimi huwa nasoma tu na kupita, leo nimeona niandike. Hiyo ya -po- na "lini" ningeipata miaka kumi iliyopita ningeokoa wino mwingi mwekundu.

Swali langu: "although". Nimeambiwa siruhusiwi kuandika "Although it was raining, but we went". Lakini mbona Kiswahili tunasema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda"?

---

Nahau Tupu

Msomaji Mkimya, hata kwa Kiswahili hiyo si sahihi. "Ingawa" imekwisha kubeba upinzani, "lakini" ya nini tena? Sema "Ingawa mvua ilinyesha, tulikwenda."

Na mwanzisha uzi, nakubaliana na mengi ila kichwa cha uzi kimezidi. Viunganishi vyetu havijajificha. Tuna na, lakini, kwa sababu, au, ama, wala, bali, ila, kama, hata, ili, kwamba. Ni maneno kamili yanayosimama peke yake.

---

Kalamu ya Mwanzi

Nahau Tupu, nashukuru kwa kunikaza, maana umenigusa pale nilipotaka kufika.

Tazama orodha yako mwenyewe. Lakini, sababu, au, ama, wala, bali, ila, kama, hata: yote hayo yametoka Kiarabu. Kabla na baada vilevile. Yamekaa kwetu siku nyingi, ni yetu, sibishi. Lakini ukichukua yale yenye asili ya Kibantu unaona jambo lingine. "Kwamba" ni kitenzi cha zamani cha kusema, -amba, chenye ku- mbele. "Isipokuwa" ni i-si-po-kuwa, sentensi nzima imeganda. "Ijapokuwa" ni hivyohivyo. Na "ingawa" ni i-nga-wa. Hata hayo unayoyaita maneno kamili, ukiyakwaruza kidogo unakuta kitenzi chini yake. Kwa hiyo nabaki na kichwa changu cha habari, ila nakubali kwamba tunazo njia mbili zinazoishi pamoja, na mara nyingine zinakutana ndani ya sentensi moja: "kabla" ni neno la Kiarabu, "hajaondoka" ni kitenzi cha Kibantu chenye "bado" ndani yake.

Kuhusu "ingawa... lakini", wewe unasema si sahihi, nami kwenye maandishi rasmi ningeifuta "lakini" kama wewe. Ila watu wanaisema kila siku, na wanaoisema si wajinga. Wanaona upande wa kwanza umefunguliwa, wanataka kusikia upande wa pili unapoanzia.

Na Waingereza nao walikuwa na hamu hiyohiyo. Katika Ayubu 13:15, tafsiri ileile ya 1611, kuna "Though he slay me, yet will I trust in him". Umeona? "Though" upande mmoja, "yet" upande wa pili. Inakubalika kwa sababu "yet" hapo imekaa kama kielezi, karibu na "bado" au "hata hivyo" yetu. "But" haina nafasi hiyo. Yenyewe ni kiunganishi tupu cha vishazi vyenye hadhi sawa, na "although" imekwisha kukishusha hadhi kishazi kimoja. Huwezi kusema kimoja ni tegemezi na papo hapo ukasema viwili ni sawa.

Kwa hiyo Msomaji Mkimya, chagua moja: "Although it was raining, we went", au "It was raining, but we went". Ukitaka mkazo kwenye upande wa pili: "Although it was raining, we still went." Hiyo "still" inampa msikilizaji kile ulichokuwa unakitafuta kwa "lakini".

Tahadhari hiyohiyo kwa "because... so". "Because I was late, so I missed the meeting" ni "kwa kuwa... basi" yetu imevaa nguo za Kiingereza. Moja inatosha.

---

Binti Mwanagenzi

Shikamooni. Mimi ndiyo kwanza naanza kuandika ripoti kwa Kiingereza na msimamizi wangu ananirudishia kila siku bila kueleza kosa liko wapi. Naomba mnisaidie aya hii, nimeiandika kwa moyo wote:

"Although I was sick but I finished the report. I did not sleep nor rest. My supervisor as well as the other members were happy, however they asked me to change the title. Before I have not sent it again, I want to check everything. When I will finish, I will send it to you. Unless you don't have time, please read it."

Nimesoma uzi nikagundua makosa kama matatu. Naona yako zaidi.

---

Kalamu ya Mwanzi

Marahaba, Binti Mwanagenzi. Aya yako ni njema, ina mwanzo na mwisho, na kila kosa lililomo lina sababu. Yale yanayofanana na tuliyokwisha kusema (although-but, before, when, unless) nakuachia uyasahihishe mwenyewe. Nibaki na matatu mengine.

"I did not sleep nor rest." Umetafsiri "sikulala wala sikupumzika". Kwetu "wala" inataka ukanushi uendelee pande zote, na ukikosa ukanushi sentensi inavunjika. Kwao ukanushi mmoja unatosha kwa vitenzi vyote viwili, na "not" ikishatangulia inafuatwa na "or": "I did not sleep or rest." Ukiitaka "nor", una njia mbili. Ya kwanza iandamane na "neither": "I neither slept nor rested." Ya pili, "nor" ianzishe kishazi kipya, na hapo inageuza mpangilio, kitenzi kisaidizi kinatangulia kiima kama kwenye swali: "I did not sleep, nor did I rest." Hiyo ya mwisho ni ya uzito, iweke pale unapotaka msomaji auhisi uchovu wako.

"My supervisor as well as the other members were happy." Kwetu "msimamizi pamoja na wanachama wengine walifurahi" ni sawasawa, wingi unashika. Kwa Kiingereza rasmi "as well as" na "together with" haziongezi idadi ya kiima. Kiima ni "my supervisor" peke yake, kwa hiyo "was happy", na ule mfuatano unazungushiwa mikato. Kama unataka wote wawe na uzito sawa, tumia "and": "My supervisor and the other members were happy."

La tatu ni "however", na hapa nitakaa kidogo, maana ni ugonjwa wa watu wengi hata wale ambao Kiingereza ndicho lugha yao ya kwanza. "However" si kiunganishi, ni kielezi. Utajuaje? Jaribu kukihamisha. "They, however, asked me to change the title." "They asked me, however, to change the title." Kinahama bila kuumia. Sasa jaribu kuihamisha "but": "They, but, asked me." Haiwezekani. Kiunganishi kimefungwa mlangoni, kielezi kinatembea ndani ya nyumba. Na kwa kuwa "however" haifungi mlango, huwezi kuitegemea ishike vishazi huru viwili kwa mkato tu. Weka nukta mkato au nukta: "They were happy; however, they asked me to change the title." Therefore, moreover, nevertheless, consequently na otherwise ni wa ukoo huo, wote wapimwe hivyohivyo.

Ijaribu tena aya yako utuletee.

---

Mfasiri_77

Wakuu, mimi natafsiri mikataba, na naomba niongezee jambo la mkato, maana watu wengi wanaliona ni pambo.

Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ya malipo ya saa za ziada ilikuwa na orodha ya kazi zisizolipiwa nyongeza. Orodha ilisomeka hivi: "canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of" bidhaa fulani, zikiwemo vyakula vinavyoharibika. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai nyongeza yao. Kampuni ikasema "distribution" ni kazi mojawapo ya kwenye orodha, na dereva anasambaza, kwa hiyo hana haki. Madereva wakajibu: hakuna mkato kabla ya "or", kwa hiyo "packing for shipment or distribution" ni kazi moja, kufungasha, iwe kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Wao hawafungashi.

Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema orodha ina utata na ikawapa ushindi madereva. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kumaliza shauri kwa dola milioni 5. Baada ya hukumu ile bunge la jimbo liliiandika upya orodha kwa nukta mkato, na "distribution" ikawa "distributing" ili ilingane na nyingine.

Hilo la mwisho ndilo muhimu kwenu mnaoandika. Madereva walikuwa na hoja nyingine ya sarufi: kazi zote kwenye orodha zinaishia na -ing, lakini "shipment" na "distribution" haziishii hivyo, kwa hiyo hizo mbili ni pacha zinazotegemea "packing". Kiunganishi hupenda kuunganisha vitu vya umbo moja. Ukikiwekea umbo tofauti kila upande, msomaji anaanza kutafuta pacha wake mahali pengine.

---

Nahau Tupu

Hapo Mfasiri_77 umenena. Na makosa ya umbo yanaonekana sana kwenye viunganishi vya jozi. "He not only wrote the report but also the letter." Upande mmoja kitenzi, upande wa pili nomino. Isogeze "not only" ikae mbele ya nomino: "He wrote not only the report but also the letter." Kwa Kiswahili "si tu... bali pia" inatusamehe zaidi, ndiyo maana hatushtuki.

Na ukiianzisha sentensi na "not only", ule mgeuzo wa "nor" unarudi: "Not only did he write the report..." Kadhalika "Hardly had I sat down when the phone rang" na "No sooner had I sat down than the phone rang". Watu wanachanganya "when" na "than" hapo. "No sooner" ni ya kulinganisha kwa sababu ya ile -er, kwa hiyo inadai "than".

Niongeze "either... or". Kitenzi kinamfuata aliye karibu: "Either the manager or the clerks have the key", ukigeuza ni "Either the clerks or the manager has the key".

---

Msomaji Mkimya

Nina mawili. Kwanza, tulikatazwa kabisa kuanza sentensi na And, But au Because. Ni kweli?

Pili, Kalamu ya Mwanzi umesema mkato hauwezi kushika vishazi huru. Sasa yale maneno ya Julius Caesar, "I came, I saw, I conquered"?

---

Kalamu ya Mwanzi

La Caesar umenishika vizuri. Ni kweli vishazi vifupi sana, vyenye kiima kimoja na umbo moja, vikipangwa vitatu, Kiingereza huviruhusu visimame kwa mikato. Kilatini chake kilikuwa "veni, vidi, vici", maneno matatu tu, na kiima kimo ndani ya kitenzi kama kwetu. Mimi ningetafsiri "nilikuja, nikaona, nikashinda", na mnaona -ka- imeingia yenyewe. Lakini nafasi hiyo ni finyu. Vishazi vikirefuka kidogo au kiima kikibadilika, weka "and".

La kukatazwa: And na But kuanza sentensi si kosa la sarufi. Chukueni tena ile Mwanzo sura ya 1 ya 1611, ina aya 31. Ukiondoa aya ya 1 na ya 27, zote zinaanza na "And". Kiebrania cha masimulizi kinabandika kiunganishi mwanzoni mwa kitenzi, kiasi fulani kama -ka- yetu, na watafsiri wakakitoa nje kila mara. Nadhani walimu walikataza kwa sababu mtoto akiachiwa ataanza kila sentensi na "And", na katazo likabaki hata baada ya mtoto kukua. Ukiianza sentensi na "But", usiweke mkato baada yake. "But, I went" ni kosa la mara kwa mara. Mkato huo wanauiga kutoka kwa "However".

"Because" ni habari nyingine. Kuianza sentensi nayo ni sawa: "Because the road was closed, we returned." Hatari ni kusimama kabla ya kumaliza: "We returned. Because the road was closed." Kishazi tegemezi kimeachwa peke yake, hakina cha kukitegemea. Na kanuni ya mkato hapo ni nyepesi: kishazi tegemezi kikitangulia, weka mkato, kikifuata, mara nyingi usiweke.

"Mara nyingi" nimeisema kwa makusudi. Angalieni "He did not leave because he was angry". Aliondoka au hakuondoka? Inaweza kuwa alibaki, na hasira ndiyo sababu. Inaweza kuwa aliondoka, ila sababu haikuwa hasira. Kiswahili kina utata uleule: "Hakuondoka kwa sababu alikasirika." Sisi tunajiokoa kwa "bali": "hakuondoka kwa sababu ya hasira, bali kwa sababu ya uchovu". Wao wanajiokoa kwa "but", neno lilelile wanalotumia kwa "lakini". Kila "not" ikikutana na "because", soma mara mbili, na ikibidi andika upya: "Because he was angry, he did not leave."

---

Mfasiri_77

Hilo la "bali" na "lakini" lina faida ya pili. "But" ikiwa ni "bali", haihitaji mkato: "It was not fear but shame." Ikiwa ni "lakini" kati ya vishazi huru viwili, inataka mkato: "He was afraid, but he stayed." Mtu wa Kiswahili ana bahati hapa, ana maneno mawili ya kupimia.

Vivyo hivyo "so". Ikiwa ni "kwa hiyo", mkato kabla yake. Ikiwa ni "ili", hakuna mkato, na kwenye maandishi rasmi andika "so that". Nayo "since" ipime: "tangu" au "kwa kuwa"? Ukiona inaweza kusomeka kote kuwili, iache, tumia "because".

---

Msomaji Mkimya

Na ile "asije akaanguka"? Nimeitafuta siku nyingi.

---

Nahau Tupu

"Lest he fall." Ni ya kizamani kidogo na kitenzi hakichukui -s. Kwenye ripoti ya kawaida andika "so that he does not fall". Kwani hata "for" yenye maana ya "kwani" siku hizi ni ya vitabuni tu, ingawa imo kwenye FANBOYS.

---

Binti Mwanagenzi

Nimerudi. Nimeandika mara nne, hii ndiyo ya nne:

"Although I was sick, I finished the report. I did not sleep, nor did I rest. My supervisor and the other members were happy. However, they asked me to change the title. Before I send it again, I want to check everything. When I finish, I will send it to you. Unless you do not have time, please read it."

"Unless" ndiyo imenishinda. Nikiitoa "do not" inakuwa "unless you have time, please read it", na hiyo inasema asome akikosa muda!

---

Kalamu ya Mwanzi

Binti Mwanagenzi, umesoma kwa makini kuliko nilivyoeleza. Mwanzoni nilikutajia "unless" kana kwamba inafanana na ile ya kwenye mfano wangu, nami nilikosea, naomba radhi. Kwenye mfano wangu -si- ilihesabiwa mara mbili. Kwako ukanushi ni wa kweli: "isipokuwa kama huna muda, naomba uisome". "Unless you do not have time" ni sahihi kisarufi, ila ni nzito, kukanusha juu ya kukanusha. Geuza upande: "If you have time, please read it."

Mengine yote yamekaa. Mtumie msimamizi wako.